Yusuf wa kaswida na Cat Stevens wa Wild World ni mtu mmoja, na hii ndo albamu ya kuanzia

Swali limetoka kwa mama mmoja wa Tanga, nimelifupisha kidogo: "Assalaam alaykum mwanangu. Mimi nimesomesha madrasa miaka mingi na watoto wangu nimewakuza na ile A Is for Allah ya Yusuf Islam. Juzi kijana wangu wa mwisho kaniwekea wimbo wa kizungu, gitaa linalia, ananiambia mama huyu ndo Yusuf wako, zamani akiitwa Cat Stevens, na siku hizi anatoa tena albamu. Nimeshangaa. Ni yeye kweli? Aliacha muziki au hakuacha? Na nikitaka kumsikiliza huyu wa gitaa nianze wapi, maana kijana anasema The Laughing Apple, mwenzake anasema nianze na za ujanani."

Waalaykum salaam mama, na shikamoo. Ni yeye, huyo huyo. Na kijana wako kapatia, anza na The Laughing Apple ya 2017, ila rafiki yake naye hajakosea sana na nitakueleza kwa nini, maana hiyo albamu ya uzeeni nyimbo zake nyingi ni za ujanani, kuna za tangu 1967, mzee kazichukua kazirudia upya akiwa na miaka 69. Sasa ili ujue kwa nini mtu aende kufukua nyimbo za miaka 50 nyuma inabidi kwanza ujue zilifanywa nini mara ya kwanza, kwa hiyo univumilie kidogo.

Alizaliwa London, Julai 1948, jina lake Steven Demetre Georgiou. Baba Mgiriki wa Kupro, mama Mswidi, wana mgahawa katikati ya jiji na familia inaishi ghorofa ya juu yake, jirani kabisa na majumba ya maonyesho, kwa hiyo mtoto kakua anasikia muziki wa jukwaani. Dini ya upande wa baba ni Ukristo wa Orthodox wa Kigiriki, shule akapelekwa ya Wakatoliki. Jina la Cat alijipa mwenyewe alipoanza muziki, kuna msichana alimwambia ana macho ya paka, na hesabu yake ilikuwa ya kibiashara tu, nani ataenda dukani kuulizia sahani ya Steven Demetre Georgiou.

1966 katoa wimbo wa kwanza, I Love My Dog, na mwanzoni mwa 1967 Matthew and Son ukafika namba 2 kwenye chati za Uingereza. Hapo ana miaka 18! Mwaka huo huo yuko kwenye ziara moja na Jimi Hendrix. Lakini hapa ndo penye tatizo lenyewe mama, kijana alikuwa anaandika nyimbo za mtu na gitaa lake, nyimbo za kukaa chini zisikilizwe, ila kampuni na prodyuza wake Mike Hurst walitaka hiti, na hiti za wakati ule zilikuwa za tarumbeta na vinanda na okestra nzima. Albamu ya pili, New Masters, imetoka mwishoni mwa 1967, ukiisikiliza unamtafuta mwimbaji humo ndani kama unamtafuta mtoto sokoni. Haikwenda kokote. Na humo ndimo ulimokuwa The First Cut Is the Deepest, wimbo ambao alikuwa ameshamuuzia mwimbaji P.P. Arnold kwa pauni 30, ukaja kumtajirisha Rod Stewart na baadaye Sheryl Crow. Yaani nyimbo zilikuwepo, nguo ndo hazikuwa zake.

Halafu akaumwa. 1968 kifua kikuu, kikali, kalazwa miezi hospitali ya mashambani kule kusini mwa Uingereza halafu kapumzishwa karibu mwaka. Kijana wa miaka 19, 20, aliyezoea kupiga picha na mastaa, sasa yuko kitandani anatazama dari. Akaanza kusoma vitabu vya Ubuddha, akaanza kutafakari, akaachana na nyama, akaandika nyimbo nyingi sana. Alipotoka akahamia Island Records ya Chris Blackwell, yule yule aliyemtoa Bob Marley duniani, akapewa prodyuza mwingine, Paul Samwell-Smith, na mpiga gitaa anaitwa Alun Davies. Haya majina mawili uyashike mama, tutayarudia.

Samwell-Smith alichofanya ni kuondoa vitu. Gitaa mbili, besi, ngoma kidogo, piano pale inapobidi, na sauti ya mtu iko mbele kabisa unasikia mpaka anavyovuta pumzi. 1970 zikatoka albamu mbili, Mona Bone Jakon na Tea for the Tillerman, 1971 Teaser and the Firecat, 1972 Catch Bull at Four ambayo ilikaa namba 1 Marekani. Ndo zama za Wild World, Father and Son, Peace Train, Moonshadow. Rafiki ya kijana wako akisema uanze na za ujanani anamaanisha hizi na mimi siwezi kumbishia. Wild World naamini umeshausikia bila kujua, huku kwetu wengi tuliupata kwa sauti ya Jimmy Cliff, aliutoa kwa rege mwaka huo huo wa 1970, au ule wa Maxi Priest wa 1988 ambao kwenye mabasi na redio ulipigwa mpaka basi, na asilimia kubwa ya wanaouimba hapa ukiwaambia ni wa Yusuf Islam wanakukatalia.

Father and Son nataka nikae nao kidogo. Ulianza kama wimbo wa mchezo wa jukwaani aliotaka kuuandika kuhusu mapinduzi ya Urusi, kijana anataka kwenda kujiunga na wanamapinduzi, baba anataka abaki shambani. Mchezo ukafa kwa sababu ya ule ugonjwa, wimbo ukabaki. Anaimba mtu mmoja sauti mbili, akiwa baba anaishusha chini imetulia, polepole, akiwa mtoto anaipandisha inakuwa na kilio na hasira ndani yake, na hawajibizani kweli, kila mmoja anasema lake. Mwandishi mwingine angempa mtoto haki yote maana ndo alikuwa kijana wa miaka 22 na wasikilizaji wake vijana, yeye hakufanya hivyo, baba naye ana maneno yake ya maana. Huu wimbo ataurudia uzeeni, nitafika.

Kuhusu kuacha. Katikati ya miaka ya 70 alikuwa anaogelea Malibu kule California, mkondo ukamvuta nusura azame, akamwomba Mungu amuokoe naye atamtumikia, likaja wimbi likamrudisha ufukweni. Muda si mrefu kaka yake David akamletea tafsiri ya Kurani aliyoinunua safarini Jerusalem. Surat Yusuf ndo ilimshika zaidi, na ndo asili ya jina. Desemba 1977 akasilimu msikiti wa Regent's Park London, 1978 akawa Yusuf Islam, akamaliza deni la mkataba kwa albamu moja ya mwisho, Back to Earth, Novemba 1979 akapanda jukwaani Wembley kwenye konsati ya UNICEF, na hapo kafunga. Magitaa akayapiga mnada pesa ikaenda kwa wenye shida. 1983 akaanzisha shule ya Islamia pale Brent, London, na 1998 ikawa kati ya shule za Kiislamu za mwanzo kabisa Uingereza kupata pesa ya serikali.

Kwa hiyo jibu la "aliacha au hakuacha" ni kwamba aliacha, kweli kweli, sio ile ya wasanii wanaostaafu kila baada ya miaka mitatu. Ila sauti hakuiacha. A Is for Allah wenyewe aliuandika baada ya kumpata binti yake wa kwanza, na ile albamu uliyowakuzia watoto imetoka 2000, Zain Bhikha wa Afrika Kusini yumo. 1995 alishatoa ile ya sira ya Mtume, maneno matupu na kaswida chache. Miaka hiyo kwa wazungu alikuwa kama kafa, tena kwa jina baya, maana 1989 kwenye sakata la kitabu cha Salman Rushdie alinukuliwa maneno yaliyowasha moto, mwenyewe akasema hakuunga mkono mtu kuuawa, lakini kuna redio Marekani ziliacha kupiga nyimbo zake na bendi ya 10,000 Maniacs, iliyokuwa imeurudia Peace Train, ikauondoa kwenye albamu yao. Sisi huku tulikuwa na Yusuf wa kaswida, wao walikuwa na Cat Stevens wa zamani, na pande mbili hizi hazijuani, ndo maana wewe na mwanao mmekutana katikati leo.

Kurudi kwenyewe kulianza taratibu. Novemba 2003 alipanda jukwaani Cape Town kwenye konsati ya 46664 ya Mandela ya kupambana na Ukimwi, akaimba Wild World pamoja na mwanamuziki Mwingereza Peter Gabriel, ambaye kwa taarifa yako alimpigia filimbi studio mwaka 1970 kabla hajajulikana na mtu. Mwaka uliofuata ndege yake ikielekea Washington ikageuzwa njiani na akakataliwa kuingia Marekani, miaka miwili baadaye wakamruhusu. Na katikati ya hayo yote mwanae wa kiume akaleta gitaa nyumbani. Yusuf amesimulia mara nyingi, alfajiri moja baada ya swala, watu wamelala, akaliokota na vidole vikajua pa kwenda.

2006 ikatoka An Other Cup, miaka 28 tangu Back to Earth. Jina kwenye kava ni Yusuf tu. Kuna wimbo anaimba na Youssou N'Dour wa Senegal, The Beloved, mzuri, huo wewe utaupenda sana mama maana ni wa kumsifu Mtume. Ila albamu nzima kwa masikio yangu imepigwa pasi mno, kila kitu kimenyooka, unahisi mtu anaingia nyumba aliyohama zamani anaogopa kugusa vitu. Roadsinger ya 2009 iko huru zaidi kidogo. Tell 'Em I'm Gone ya 2014 kafanya na prodyuza Rick Rubin, ni bluzi, kawaalika mpaka Tinariwen wale Watuareg wa Mali, na mwaka huo ndo kaingizwa kwenye ukumbi wa heshima wa rock kule Marekani. Nzuri, ila nusu yake ni nyimbo za watu wengine, huwezi kumjua mtu kwa nyimbo za watu.

Sasa The Laughing Apple. Septemba 2017, nyimbo 11, kama nusu saa hivi tu, unaimaliza ukichambua mchele. Kava imeandikwa Yusuf / Cat Stevens, majina yote mawili kwa pamoja, na picha za ndani kachora mwenyewe kama alivyochora kava za Tillerman na Teaser (alisoma sanaa kidogo ujanani). Kampuni ni Decca, ambayo ndo wale wale wa 1967. Prodyuza? Paul Samwell-Smith. Gitaa la pili? Alun Davies. Si nilikwambia uyashike.

Wamechukua nyimbo nne kutoka ile New Masters iliyozama: Blackness of the Night, Northern Wind, I'm So Sleepy na huo wenye jina la albamu. Wanachofanya ni kile walichokifanya 1970, kuondoa. Nakuomba fanya jaribio hili na kijana wako, muweke Blackness of the Night ya 1967 kwanza, halafu ya 2017 papo hapo. Wimbo ni wa mtu anayetangatanga usiku peke yake, hana wa kumwambia kitu. Ya 1967 anaimba kijana wa miaka 19 huku nyuma yake kuna watu kibao wanapiga, upweke gani huo wenye okestra? Ya 2017 gitaa linaanza lenyewe, sauti inaingia chini, imekwaruza kidogo, imezeeka vizuri, na kila mstari unauamini. Maneno hayajabadilika, sana sana ni pumzi kati ya mstari na mstari, kijana alikuwa anakimbizwa na bendi, mzee anangoja neno limalizike ndo aseme lingine. Hapo ndipo utajua kwamba wimbo ulikuwa mzuri tangu siku ile, ila ulikuwa haujapata mtu wa kuunyamazia.

Kuna mwingine, Grandsons. Huu aliuandika akiwa kijana, wimbo wa mtu anayetamani aishi aone wajukuu wake wakikua, ukabaki bila kuingia kwenye albamu. Kijana asiye na mtoto hata mmoja anaimba kuhusu wajukuu, hata kama ni mwandishi mzuri vipi ni mchezo tu. Sasa 2017 ana wajukuu kweli. Hakuna alichoongeza cha kulazimisha machozi, melodi ni nyepesi, karibu ya kuchezacheza, na mimi naona hapo ndo kawazidi wazee wenzake wengi wa muziki huu, maana wengi wakifika miaka 70 wanataka kila wimbo uwe wosia. Mighty Peace nao ni hivyo hivyo, alianza kuuandika miaka ya 60 akauacha njiani, akaukuta, akaumalizia. You Can Do (Whatever)! ulianzishwa kwa ajili ya filamu ya Harold and Maude ya 1971, haukuisha kwa wakati.

Halafu kuna zile mpya, See What Love Did to Me, Olive Hill, Don't Blame Them, na hapa nisikudanganye, Don't Blame Them inahubiri kidogo. Usimhukumu mwenzio, sawa, tumesikia. Mary and the Little Lamb pia ni ya kitoto kwangu, labda kwa mwalimu wa madrasa itakuwa ndo tamu kuliko zote sijui. Lakini ukisikiliza bila kusoma makaratasi ni vigumu kuokota ipi ni ya 1967 na ipi ya 2017, na hilo kwa mtu aliyekaa mbali na gitaa zaidi ya miaka 20 ni jambo kubwa. Waliipendekeza kwa tuzo ya Grammy ya albamu bora ya folk, haikupata, ikaenda kwa Aimee Mann.

Ndo maana nakwambia anza nayo hii na sio na Tea for the Tillerman. Ukianza na Tillerman utapenda, kila mtu anapenda, ila utabaki na watu wawili kichwani, Cat wa zamani na Yusuf wako wa kaswida. Kwenye hii wanaimba wote wawili kwa koo moja.

Ukishaizoea nenda kwenye Tea for the Tillerman² ya 2020, kairudia ile ya 1970 yote nzima, wameirekodia kusini mwa Ufaransa. Sio zote zimefanikiwa, Wild World kaigeuza muziki wa klabu za zamani, inachekesha mara moja halafu basi. Lakini Father and Son! Sauti ya mtoto wamechukua rekodi yake mwenyewe aliyoimba laivu ukumbi wa Troubadour Los Angeles mwaka 1970, sauti ya baba kaimba upya, akiwa na miaka 70 na kitu. Yaani Yusuf anambembeleza Cat akae kwanza, asiondoke, na Cat anamkatalia, wimbo mmoja, mtu mmoja, katikati kuna miaka 50. Wa zamani alikuwa anaigiza baba. Huyu sasa ana mtoto wa kiume aliyeleta gitaa nyumbani na anajua upande wa pili wa maneno yale. Naomba huo usiusikilize kwenye spika ya simu, azima hata earphone za kijana.

Ya 2023 inaitwa King of a Land, prodyuza ni Samwell-Smith tena, imetoka kwa Dark Horse, lebo aliyoianzisha George Harrison. Ina nyimbo 12, Train on a Hill ni nzuri sana, na kuna Son of Mary ya Nabii Issa bin Maryam ambayo nina hamu ya kusikia utasemaje. Wiki iliyofuata baada ya kutoka kwake alipiga kwenye tamasha la Glastonbury kule Uingereza, Jumapili mchana, kwenye ile nafasi wanayowapa wakongwe. Lakini albamu yenyewe inapanda na kushuka, iache ya mwisho.

Hukuniuliza wazi lakini nimeona kwenye maneno yako, suala la gitaa na dini. Mimi ni mtu wa muziki, fatwa muulize sheikh wako. Nikwambie tu alichosema mwenyewe, maana Waislamu wengi walimjia juu aliporudi na 2014 akatoa kijitabu kizima kujieleza. Hoja yake ni kwamba alipokuwa mgeni kwenye dini alichukua msimamo wa tahadhari, mbali kabisa na vyombo, baadaye akasoma akaona wanachuoni hawajakubaliana kwenye jambo hili, na akasema gitaa lenyewe lina ukoo na udi ulioingia Ulaya kupitia Waislamu wa Andalusia. Kuna waliomwelewa, kuna ambao mpaka leo hawamsikilizi. Albamu zake za ngoma tupu ziko pale pale, hajazikana.

La mwisho la kukusaidia kutafuta, mwambie kijana asiandike jina moja tu. Kaswida ziko chini ya Yusuf Islam, An Other Cup na Roadsinger ziko chini ya Yusuf peke yake, The Laughing Apple na zilizofuata ni Yusuf / Cat Stevens, na za zamani Cat Stevens, ingawa programu nyingine za muziki zimezichanganya zote chungu kimoja. Na akikuletea nyimbo za New Masters kwa ajili ya lile jaribio aangalie mwaka, 1967 na 2017 majina ya nyimbo yanafanana.